Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Goti la Baba

Kaka yangu alipotuma lile basi dogo alituma na ujumbe wa simu: "Sasa uzeni hilo kopo." Kopo alilolisema ni gari la baba. Ndilo lililompeleka shule ya sekondari na godoro lake juu ya paa, na ndilo lililompeleka kwenye harusi yake likiwa limebandikwa maua ya karatasi. Lakini kaka ndivyo alivyo. Anaishi mbali, anatuma vitu vizuri, na kila kitu kizuri anakisindikiza na neno la kuudhi.

Baba aliusoma ujumbe, akanirudishia simu, akachukua ndoo akaenda kuliosha hilo kopo, ingawa alikuwa ameliosha asubuhi.

Mama alitoka na gongo lake akasimama mlangoni kulitazama basi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na mlango wake wa ubavuni unateleza wenyewe ukibonyeza kitufe. "Miaka arobaini na minne sijaletewa mke mwenza," akasema, "leo nimeletewa, tena wa bati." Tangu siku ile gari la zamani likawa Bi Mkubwa na basi likawa Bi Mdogo, na hata mimi nisiyependa magari kupewa majina nikajikuta nayaita hivyo.

Sipendi kwa sababu magari ni kazi yangu. Nafundisha udereva. Miaka kumi na minne nimekaa kiti cha abiria nikiwatazama watu wazima wakitokwa jasho, na wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, wakidhani sijui. Kazi hii nilifundishwa na baba, ndani ya Bi Mkubwa, na mambo mawili niliyoyatoa kwake ninayatumia hadi leo. La kwanza ni funguo. Siku ya kwanza nasimama nyuma ya mwanafunzi, naangusha kifungu cha funguo chini, na asiyegeuka namtuma akapimwe masikio kabla hajagusa usukani. La pili ni goti. Baba aliamini kwamba mwanafunzi akipigiwa kelele anakanyaga mafuta, kwa hiyo yeye alifundisha kimya, kwa vidole juu ya goti. Mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, kuna kitu nyuma yako, pisha. Kiganja kizima, simama. Alianza kumfundisha mama hivyo hivyo kabla sijazaliwa, mpaka mama alipoangusha geti la jirani akasema hana haja tena.

Nimemfelisha kaka yangu mara mbili. Nimemfelisha mpwa wa matroni wa kliniki mara tatu, na kwa hilo matroni ananiheshimu sana.

Huyo matroni ndiye aliyekuwa ameshika mpini. Kila asubuhi ya siku za kazi baba aliwapeleka watu watatu kliniki kwenye mazoezi ya viungo: mama mwenye nyonga mbovu, Bi Mshonaji wa nyumba ya tatu ambaye magoti yamemchoka, na mzee mmoja tunayemwita Karani, aliyepooza mkono na mguu wa kulia na bado anavaa tai. Sasa wagonjwa wa upande wetu walikuwa wamefika wanane. Matroni hakuzungusha maneno. Mwisho wa mwezi, ama baba aje na gari la viti vya kutosha na mlango mpana, ama kazi apewe mwingine.

Nami nilimjua baba asiye na kazi. Kati ya kustaafu udereva wa ofisi na kuanza safari za kliniki kulikuwa na mwaka mmoja ambao alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na fulana ya ndani, hadi saa sita mchana. Hakuumwa, hakugombana na mtu. Alikuwa hana pa kwenda tu. Niliogopa kumtembelea mwaka ule. Sikutaka kuuona ukirudi nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nilipoona hataki hata kukaa kwenye kiti cha Bi Mdogo, nilipandwa na hasira. Kila siku alikuja na sababu mpya. Mara linanuka plastiki. Mara rangi yake ya msiba. Mara usukani mwepesi mno, mtu hajui kama anaendesha au anapepeta mchele.

"Baba," nikamwambia akiwa ameinamia taa za Bi Mkubwa, "huwezi kupoteza kazi kwa sababu ya harufu."

Akaendelea kupangusa taa. Nikaona ananipuuza, na nikaenda zangu nikiwa nimevimba.

Nikaamua tuyalinganishe kama watu wazima. Siku mbili Bi Mkubwa, siku mbili Bi Mdogo, njia ile ile, abiria wale wale, nami nikiwa ndani na daftari langu. Matroni alikuwa amenipa fomu ya kliniki, inayomtaka mwalimu wa udereva athibitishe kwamba dereva anaona, anasikia, anageuza shingo bila shida, halewi, na amejaribiwa kwenye gari lenyewe. Niliijaza Jumapili mezani kwangu huku nikinywa chai. Macho, vema. Masikio, vema. Shingo, vema. Ni baba yangu, namjua. Nikatia na sahihi kabisa, ukabaki mstari wa gari tu.

Jumatatu na Jumanne zikawa za Bi Mkubwa. Bi Mshonaji alinikopesha futi yake ya kitambaa, nikapima kila kitu kilichopimika. Kiti cha nyuma kiko chini mno, Karani anakiingia kwa kujiachia na kumwomba Mungu. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani, lazima mtu azunguke. Gongo la mama halina pa kukaa, linapita katikati ya viti na kumchokoza Bi Mshonaji mbavuni. Kuwashusha watu watatu kulichukua dakika tisa, na dakika nne kati ya hizo zilikuwa za Karani peke yake, akivutwa na baba kwa mbele na kusukumwa na mimi kwa nyuma, tai imehamia begani.

"Siku moja mtaning'oa kichwa," alisema Karani, "na matroni atalazimika kukifanyisha mazoezi peke yake."

Lakini uendeshaji, nakiri, ulikuwa wa kumtoa mtu machozi. Baba alipisha watu kabla sijawaona. Pikipiki ikija kutoka nyuma kwa fujo, yeye alikuwa ameshaipa nafasi. Alibadilisha gia bila kichwa cha mtu kutikisika. Mama alikaa mbele karibu naye, kama kawaida yake, hata siku ambazo hana mazoezi alikuwa akienda na kurudi tu. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la baba.

"Mama," nikamtania, "kuna watu huku nyuma."

Bi Mshonaji alicheka hadi akakohoa. Mama hakuutoa mkono. "Wewe andika daftari lako," akasema.

Nikaandika. Bi Mkubwa: dereva bora, gari limechoka.

Jumatano ikawa zamu ya Bi Mdogo, na mambo yalianza kuharibika kabla hatujatoka uani. Mlango wa ubavuni uko chini, mtu anaingia kama anaingia chumbani kwake. Lakini kiti cha mbele kiko juu ya gurudumu. Ili ukifikie lazima upande ngazi, ushike mpini, ujivute. Mama alijaribu. Aliweka mguu mzima kwanza, akajivuta, nyonga ikagoma. Akajaribu tena kwa mguu mwingine hadi jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Jaribu tena, mama watoto," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na baba si mtu wa kuomba.

"Nyonga haitaki, mzee wangu."

"Mama, si kuna viti saba huku nyuma," nikasema. "Kiti ni kiti."

Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akaja kukaa nyuma pamoja nami, kando ya mlango. Kiti cha mbele akapewa Karani. Tulimpandisha kwa mguu wake mzima, akajivuta kwa mkono mzima, akakaa na mwavuli wake katikati ya magoti, amefurahi kama anakwenda kufungua mkutano.

Bi Mshonaji alipanda bila kushikwa na mtu. "Humu hata maiti angepanda mwenyewe," alisema. Nikaandika maneno yale yale kwenye daftari, chini ya safu ya Bi Mdogo.

Barabarani baba alikuwa mtu mwingine. Mabega yamepanda, mikono imeng'ang'ania usukani, shingo inageuka huku na huku bila mpango. Alikanyaga breki pasipo sababu, kisha penye sababu akachelewa. Kwenye mzunguko lori lilimpigia honi ndefu, naye akaendelea kusonga kana kwamba honi ile ilikuwa ya mtaa wa pili. Nilikunja uso. Nilidhani anafanya makusudi, kwamba mzee mzima ameamua kuendesha vibaya ili Bi Mdogo lionekane halifai. Nikaandika: *Anasusa.* Neno hilo bado liko kwenye daftari na kila nikifungua ukurasa ule linanitazama.

Kisha tukasikia king'ora. Kilianza mbali, nyuma yetu, kikakaribia upesi. Magari mengine yakaanza kujibana pembeni. Bi Mshonaji akageuka kutazama. Baba akabaki katikati ya barabara.

"Baba, pisha," nikasema. Kisha kwa sauti: "Baba! Pisha gari la wagonjwa!"

Hakugeuka. Na hapo nikahisi vidole vya mama kwenye goti langu. Mara mbili. Kisha mara mbili tena, kwa nguvu, hadi paliuma.

Niliutazama mkono ule. Mama hakuwa akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa kwenye kisogo cha baba, mdomo umekaza, na mkono wake ulikuwa ukigonga goti lililokuwa karibu kwa sababu ulizoea kukuta goti pale. *Kuna kitu nyuma yako, pisha.* Nikaelewa kila kitu mara moja, pikipiki zile zilizopishwa mapema, safari za mama zisizo na mazoezi, ule mkono nilioutania mbele za watu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Karani ndiye aliyetuokoa. Alimvuta baba mkono wa shati kwa mkono wake mzima, akamwonyesha kioo. Baba alitupia jicho, akakata usukani kwa nguvu hadi gurudumu likagonga ukingo wa barabara. Gari la wagonjwa likatupita likiwa limechelewa kwa muda gani sijui. Sikujua ndani yake kulikuwa na nani, na nimeliwaza hilo mara nyingi.

"Siku hizi wanawasha king'ora dakika ya mwisho," baba akasema.

Karani akanyoosha tai yake.

Kliniki kuna benchi refu kwenye ukumbi wa kusubiri. Nilimkalisha mama hapo, nikakaa naye, fomu ikiwa ndani ya mkoba wangu na sahihi yangu juu yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Mama."

Akavuta pumzi. "Huu mwaka wa pili. Kwanza zilipotea sauti za ndege. Halafu honi. Halafu mimi." Alikuwa akizungusha gongo lake mkononi. "Uso kwa uso anakuona unavyosema, anajibu vizuri. Akikupa mgongo, basi. Nyumbani nikiwa jikoni naongea na sufuria. Kwenye gari tu ndipo tunapoelewana, mimi na yeye, bila kurudiarudia."

"Na hamkuniambia."

"Tungemwambia nani?" akauliza, bila ukali wowote. "Binti yetu, au Mwalimu Breki?"

Nilikwenda msalani nikalia, kisha nikanawa uso, kwa sababu nilikuwa na mwanafunzi saa tano.

Alasiri nilimkuta baba uani, ameinamia boneti ya Bi Mkubwa na kitambaa, amenipa mgongo. Nilisimama hatua nne nyuma yake. Nikatoa kifungu changu cha funguo, ambacho ni kikubwa maana kina funguo za magari yote ya shule, nikakiangusha kwenye sakafu ya saruji. Kuku wa jirani waliruka. Baba aliendelea kupangusa, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha mkono ukasimama. Alikuwa ameniona kwenye kioo cha mbele cha gari.

"Umeangusha funguo," akasema, bado amenipa mgongo.

Nikazunguka nikasimama mbele yake aone mdomo wangu. "Ndiyo, baba."

"Zimelia sana?"

"Sana."

Akakunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya boneti. "Huyu," akasema akigusa bati, "namsikia kwa nyayo. Injini inapanda kwenye kanyagio, gia inaniambia kwenye kiganja. Mengine ananiambia mama yako. Yule," akaonyesha Bi Mdogo kwa kidevu, "ni kochi. Umekaa, umetulia, haliongei na wewe. Na mama yako yuko huko nyuma."

"Ungesema hivyo badala ya kusema linanuka plastiki."

"Linanuka pia."

Nilitoa fomu nikampa. Alivaa miwani yake, akaisoma mstari kwa mstari akitembeza kidole, na kidole kikasimama pale nilipojua kitasimama.

"Hapa umeandika nasikia."

"Niliandika bila kukupima."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu," akasema polepole, "ningekufelisha."

Nikaichukua fomu nikaichana mbele yake. Aliitazama inavyochanika, na uso wake ukawa ule wa mwaka wa fulana ya ndani. Nikamshika mikono yote miwili. Nilimwambia kwamba nimewahi kufundisha viziwi wawili, na wote wawili wanatazama vioo kuliko wanafunzi wangu wengine wote. Kiziwi anaendesha. Kilichonitisha asubuhi ni kuficha. Nilimwambia pia kwamba simpi uhakika wowote, kwamba akishindwa nitaandika ameshindwa, na anajua kuwa nitaandika.

"Najua," akasema. "Uliandika kwa kaka yako."

Kesho yake nilimweleza matroni yote, pamoja na uzembe wangu. Alinisikiliza amefunga mikono. Wagonjwa akawatafutia gari la kukodi kwa muda. "Wiki mbili," akasema. "Na siku ya mwisho nitapanda mwenyewe."

Baba alikuwa mwanafunzi mbaya. Tulikwenda kila asubuhi kwenye uwanja wa nyuma ya maghala, kabla ya darasa langu la kwanza, na yeye alijua kila kitu. Nilifunga kioo kipana ndani ya Bi Mdogo, na viduara vidogo kwenye vioo vya pembeni, akasema gari limekuwa saluni ya kinyozi. Nilimfundisha kutazama kwa zamu, kushoto, ndani, kulia, kila baada ya pumzi chache, awe na sababu au asiwe nayo. Alisahau. Miaka arobaini masikio yake yalikuwa yakimwambia lini atazame, na sasa nilitaka macho yaamke yenyewe. Siku ya tatu uvumilivu uliniishia, nikampigia kelele, mimi ninayewakataza wasaidizi wangu kupiga kelele.

Akageuka akaniona mdomo uko wazi. "Endelea tu," akasema. "Sisikii."

Tulicheka hadi akazima injini. Baada ya kicheko kile mambo yalilainika. Nilirudi kwenye goti, kama alivyonifundisha yeye, ikabidi nijinyooshe sana kulifikia. Wiki ya kwanza niligonga mara nyingi. Wiki ya pili tuliingia barabarani, nikagonga mara chache. Siku mbili za mwisho niliikalia mikono yangu ili isinidanganye.

Ijumaa ya mwisho matroni alipanda nyuma pamoja na mama, Bi Mshonaji na Karani, ambaye hakupenda kunyang'anywa kiti cha mbele. Nilikaa mimi pale, mikono chini ya mapaja. Roho ilikuwa juu. Baba alitoka vizuri, akapita mzunguko vizuri, akampisha mwendesha baiskeli mwenye matenga. Nikaanza kupumua.

Mbele kidogo ya kituo cha mafuta, barabara ya mbele tupu, hakuna kizuizi, akawasha taa ya kushoto, akapunguza, akasogea pembeni akasimama. Nilitazama mbele. Hapakuwa na kitu. Nikajisemea basi, amechanganyikiwa, kaharibu, na mimi ndiye nitakayeandika.

"Kulikoni?" matroni akauliza kutoka nyuma.

Nilimgeukia baba ili nimuulize. Hakuwa akinitazama. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani akaonyesha kioo kipana. Mbali sana, katikati ya malori mawili, kulikuwa na kitu cheupe na nukta ya taa inayowaka na kuzimika. Nilikaza masikio. Nilihesabu hadi sita ndipo nikasikia king'ora.

Gari la wagonjwa likatupita njia ikiwa wazi kabisa. Baba akatazama kushoto, ndani, kulia, akarudi barabarani. Nyuma, Karani alikohoa kikohozi cha ofisini.

Kwenye ua wa kliniki niliijaza fomu mpya juu ya boneti ya moto. Kwenye mstari wa masikio niliandika hapana. Mistari mingine yote niliandika ndiyo, na pembeni nikaeleza habari ya vioo. Matroni aliisoma yote, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alizunguka hadi mbele ya baba, akasimama aonekane mdomo, akasema bila kupaza sauti, "Jumatatu saa moja na nusu. Watakuwa wanane."

"Saa moja na robo nitakuwa nimefika," baba akasema.

Jioni ile kaka alipiga simu. Aliuliza kama kopo tumeshaliuza. Nilimwambia hapana, na haliuzwi. Akauliza nyumba inahitaji magari mawili ya nini. Nikamwambia nimepima. Nilikuwa nimepima kweli, maana futi ya Bi Mshonaji ilikuwa bado iko kwenye mkoba wangu, na kitu kimoja sikuwa nimekipima wiki ile ya daftari. Kutoka kiti cha mbele hadi goti la dereva, kwa Bi Mkubwa ni shibiri moja na vidole vinne. Kwa Bi Mdogo, na lile sanduku lililo katikati ya viti, ni zaidi ya mkono wa mama ukinyooka wote. Kaka alidhani nafanya mzaha, akakata simu akisema tutaongea.

Kioo kipana nilikuwa nimeshakifunga na kwenye Bi Mkubwa pia. Nilipofika Jumapili alasiri niliwakuta wanatoka, baba na shati lake la pasi, mama akijidondosha kwenye kile kiti cha chini kama alivyozoea. Hawakuwa na safari ya maana. Mama alisema wanazunguka tu, wapunge upepo. Niliwafungulia geti, nikasimama hapo.

Mtaa wetu umenyooka, unaona hadi mwisho. Baba alitazama kushoto, ndani, kulia, akaondoka taratibu. Kupitia kioo cha nyuma niliona bega la mama likiinama kuelekea upande wa baba, na nikajua mkono wake umekwenda wapi. Kwa mazoea ya kazi nikatazama barabara, mbele yao na nyuma yao, kuona anamwambia nini. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na pikipiki wala mtoto wala kuku. Barabara yote ilikuwa tupu hadi mwisho, na bega la mama halikurudi mahali pake mpaka walipokata kona.